Mvi Zina Kiu

Skola hakunipa pole kwanza. Aliingia nyumbani kwangu Shanwe akiwa na vumbi la barabara ya Mishamo mpaka kwenye kope, akawapita wanawake waliokuwa wanachagua mchele sebuleni, akanijia moja kwa moja kwenye mkeka nilipoketi, akaingiza vidole viwili chini ya kitambaa changu cha kichwa na kuzisugua nywele zangu kama mtu anayepima unga kama umesagika. Ndipo akaketi, akanikumbatia, tukalia. Tulipotulia akaninong'oneza, "Zimekauka hizi. Unazinyima maji." Nilicheka, msibani kwangu mwenyewe, mbele ya mawifi, ikabidi nijifunike uso kwa kanga ili wadhani bado nalia. Tulikuwa hatujaonana uso kwa uso kwa miaka mingi, tunasalimiana tu kwa simu wakati wa Krismasi na mvua za kwanza, na hata hivyo alijua pa kuanzia.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa amekwishazikwa, na kesho yake ndiyo tulikuwa tunamaliza msiba. Huku kwetu msiba ukiisha wafiwa hunyolewa. Ni namna ya kukubali kwamba aliyekwenda amekwenda, na kwamba waliobaki wanaanza upya, kichwa na vyote. Siku hizi watu wa mjini wamelainisha mambo: anakatwa mtu kishungi kidogo nyuma ya sikio kwa mkasi, sala inasemwa, pilau linapakuliwa. Binti yangu Neema alikuwa ameshanunua mkasi mpya. Alinieleza kwa upole kwamba kwa umri wangu, na kwa nywele zenyewe zilivyo, nikipitishwa wembe huenda zisirudi tena. Hakukosea. Tangu zilipogeuka rangi zimekuwa nyepesi na kavu kama ndevu za mahindi yaliyosahauliwa shambani, na kila asubuhi naokota vipande vyake kwenye foronya. Baba Neema ndiye aliyekuwa ananiambia wapi nimeacha pengo, kisha ananisogezea kitambaa mahali pake. Sasa nilikuwa nimempoteza yeye, na hapo hapo nilikuwa naogopa kupoteza mvi. Niliona aibu, na pia nililiona jambo la ajabu, na mimi jambo la ajabu huwa siliachi mpaka nilizunguke lote. Skola alimwambia Neema aweke mkasi kando kwa siku ile. Akamwambia kwamba mama yake alishawahi kuona jambo hili likifanywa sawasawa, kwa hiyo aachwe afikiri.

Alikuwa anamsema Bibi Kalunde. Mwaka nilipomfahamu nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja Mpanda mjini kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja wa kike jirani na soko. Skola alikuwa ametoka Katumba kwa shughuli hiyo hiyo, na fundi akatutafutia chumba kimoja sote wawili kwa huyo bibi, mwanamke wa Kikonongo ambaye watu walimwita mjane asipokuwepo, na mke wa Mihayo akiwepo. Tofauti hiyo niliisikia siku ya kwanza kabisa, na tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili mjini: kujifunza kukata sketi, na kujua huyo Mihayo yuko wapi.

Nyumba ilikuwa ya tofali za udongo, imeezekwa bati, na kuta za vyumba hazikufika juu. Ukikohoa chumbani kwetu, Bibi alikujibu pole kutoka chumbani kwake. Sisi tulilala kwenye kitanda cha kamba kilichozama katikati, kwa hiyo hata tukigombana mchana, usiku tulikutana shimoni. Ukumbini, pale ambapo watu wengine huweka meza, kulikuwa na mzinga wa gome la mti, mrefu kama mtu, umelazwa juu ya mawe. Haukuwa na nyuki. Kuku mwekundu alikuwa anatagia humo, na hakuna aliyethubutu kuusogeza. Nyumba nzima ilinukia nta, moshi na mafuta. Tulikula ugali wa mahindi na maharage, tukipata bahati tukala dagaa waliotoka ziwani Karema, na mvua zilipoanza tukala uyoga mpaka Skola akasema anaanza kuota kofia. Bibi alikula polepole, akitazama mlango. Nilidhani ni tabia ya wazee.

Kitu cha kwanza nilichokiona cha ajabu kwake ni nywele. Wanawake wa umri wake, wote niliowafahamu, walikuwa wamezipunguza mpaka zikabaki kama za mtoto mchanga, wakafunga kitambaa, basi. Yeye alikuwa nazo ndefu, nyeupe pe, nyembamba kiasi kwamba mwanga wa mlango ulipita katikati yake. Alizisuka mabutu makubwa yaliyolegea na hakuruhusu mtu kuyakaza. Kila Jumamosi mchana, tuliporudi kutoka kwa fundi, alikuwa ametoa kigoda uani, ameweka sufuria ya maji ya mvua kutoka kwenye pipa na kikopo cha mafuta ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, ameyaegesha karibu na jiko yapate joto. Mabega yake yalikuwa hayainuki tena vizuri. Jumamosi ya pili akaniita mimi, kwa sababu Skola, alisema, ana mkono wa kupalilia.

Nilipewa kichwa kile na nikaanza kuuliza maswali, na sidhani kama nilinyamaza mwaka mzima. Kwa nini hataki sabuni ya mche? Akasema sabuni ya mche inafua, na kichwa hakifuliwi. Kwa nini niende kwa vidole kabla ya chanuo, tena nianzie kwenye ncha, wakati watu wote huanzia juu? Akasema ukianzia juu unayakusanya mafundo yote yakutane chini, halafu unayavuta yakatike pamoja, na ukiwa na haraka nenda kachane mkonge. Kwa nini ncha zipakwe mafuta yenye chembe ya nta na shina lipakwe mafuta matupu? Kwa sababu ncha ndizo kongwe, zimetembea kuliko mimi. Nilimuuliza hata kwa nini mvi huwa kavu kuliko nywele nyeusi, maana nilikuwa nimeona kwamba nywele zangu zinakaa wiki nzima bila mafuta na hazilalamiki. Alicheka mpaka kichwa kikanitoka mkononi. "Mvi zina kiu, mwanangu," akasema. "Hizo zako bado zinanyonya kichwani. Hizi zangu zimeachishwa ziwa. Usipozinywesha wewe, nani atazinywesha?"

Kulikuwa na mlenda pia. Aliuloweka na kuukoroga mpaka ukawa unateleza kama yai, akauchuja, na maji yake ndiyo yaliyomiminwa kichwani ili vidole vipite bila kuvuta. Jumamosi moja Skola alifika jikoni kabla yetu, akaona bakuli la mlenda limechujwa vizuri, akaongeza chumvi na karanga za kusaga, akapika na kutuandalia na ugali. Tulikula. Bibi alikula pia, na alipomaliza akanawa mikono, akasema wiki hii kichwa kitalala na njaa maana chakula chake tumekila. Skola alitaka kutapika na akashindwa. Mpaka leo ukitaka kumchokoza mpelekee mlenda. Juzi hapa msibani alikuta umepikwa, akaniangalia tu.

Mimi nilichangia jambo moja ambalo ninajivunia mpaka sasa. Bibi alikuwa anajifunga kaniki kichwani akilala, na asubuhi kaniki ilikuwa imelowa mafuta, nywele zimebaki kavu. Kwa fundi tulikuwa tunashona magauni ya maharusi, na mapande ya satini yalitupwa. Niliyaunganisha, nikamshonea kofia ya kulalia, laini, yenye lastiki iliyolegea. Aliigeuzageuza, akaiweka shavuni, akasema satini haina tamaa, kaniki ndiyo ina tamaa. Tangu siku hiyo vipande vilivyodondoka asubuhi vikapungua. Najua kwa sababu alikuwa haachi hata kimoja kipotee. Alivizungushia kidoleni, akaingia chumbani, na tulisikia kifuniko cha kibuyu kikifunguliwa na kufungwa.

Kibuyu hicho kilimnyima Skola usingizi. Kwamba nywele zilizokatika hazitupwi ovyo, hilo tulilijua sote. Kwetu zilichomwa, kwao zilifukiwa, mtu mbaya asizipate wala ndege asizijengee kiota. Lakini kuziweka? Skola akasema mtu anayeweka nywele ana kazi nazo. Alianza kufunga mlango wetu kwa kamba. Mimi sikuogopa, kwa kweli nilikuwa nimejaa hamu kama mtu aliyeonyeshwa sanduku lililofungwa. Jumapili moja Bibi alipokuwa kanisani nikaingia chumbani kwake, nikakitoa kibuyu chini ya kitanda na kukichungulia. Juu palikuwa peupe. Nikaingiza kidole, nikasogeza, na katikati nikakuta rangi ya majivu. Nikakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa, zimekandamizwa na miaka, kulikuwa na nywele nyeusi tii, nyeusi kama zangu. Nilirudisha kila kitu na nikakaa kitandani kwetu nikiwa na maswali zaidi kuliko niliyoingia nayo. Ilikuwa wazi kwamba alikuwa hajatupa unywele hata mmoja tangu alipokuwa mwanamke kijana, na mtu hafanyi hivyo bila sababu.

Sababu ilikuja kupitia juu ya ukuta. Mzee Filbert, mdogo wake Mihayo, alikuwa anakuja jioni za Jumapili, anakaa karibu na ule mzinga, anakunywa wanzuki, ile pombe ya asali, kidogo kwenye kikombe cha bati, anazungumza na shemeji yake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye adabu, na ilitubidi tulale kimya kabisa ndipo tumsikie. Tulikusanya habari kidogokidogo, Jumapili baada ya Jumapili. Mihayo alikuwa mrina asali. Alikuwa ameingia msituni, upande wa kuelekea Inyonga, pamoja na wenzake, wakapiga kambi kama kawaida. Asubuhi moja aliondoka kambini kwenda kuangalia mzinga wake wa mbali, akasema wamsubiri kwa chakula cha mchana, na hakurudi. Walimtafuta mpaka chakula kikawaishia. Hakupatikana yeye, wala nguo, wala alama ya mnyama. Ukoo ukangoja, kisha ukaanza kusema msiba umalizwe. Ili umalizwe, mke lazima anyolewe. Naye alikataa. Alikuwa na nywele nyeusi wakati ule.

Mzee Filbert hakuwa mtu mbaya, na ninaliandika hilo kwa sababu Skola alimchukia upesi. Hakuwa anataka nyumba wala mizinga. Alikuwa amechoka kuwa na kaka ambaye hayupo na hajafa. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa na hakuweza kumpa jina la Mihayo, maana jina la mtu aliye hai halirithiwi hivyo. Kila sherehe ya ukoo, alisema, inaanza na watu kutazamana. Jioni moja ya kiangazi, upepo ule mkavu ukiwa umeanza, nilimsikia akisema kwa upole kabisa, "Shemeji, hata zenyewe zinakatika. Zimeshachoka kungoja. Wewe unashindana na nini?"

Kuku alijigeuza ndani ya mzinga. "Zikikatika, zimekatika zenyewe," Bibi akasema. "Wembe nikiukubali, nitakuwa nimemzika mimi."

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilikuwa nimedhani nashika nywele za mwanamke anayependa kujipamba, na kumbe kila Jumamosi nilikuwa nashikilia mtu mzima kwa ncha za vidole. Ndipo nikaelewa pia hofu yake, ambayo hakuitamka hata mara moja. Nywele zilikuwa zinaisha. Kiangazi kile maji ya mvua yalikuwa yamekwisha pipani, tukawa tunatumia ya kisima, mazito ya chumvi, na kila nilipopitisha vidole nilitoka na vipande. Nyuma ya kisogo palikuwa panaonekana ngozi. Kama habari za Mihayo zingekawia mwaka mwingine, mvi zingemaliza kazi ambayo ukoo mzima haukuiweza. Nilimweleza Skola, na Skola, ambaye alikuwa analala na mlango umefungwa kwa kamba, aliifungua ile kamba, akaenda kwao Katumba, akarudi na chupa nzima ya mise kutoka kwa mama yake. Tuliyaacha maji ya kisima yatulie usiku kucha ili tupate ya juu tu. Tulipunguza kuchana ikawa mara moja kwa wiki. Nilishona kofia ya pili ya satini ili moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Nadhani hakuna harusi mjini Mpanda mwaka ule iliyotunzwa kwa bidii kama kichwa kile.

Siku moja katikati ya hayo nilimuuliza waziwazi. Nilikuwa nyuma yake, hanioni uso, na ujasiri huwa unakuja hivyo. Nikamuuliza kama anaamini kweli Mihayo anarudi. Hakukasirika. Akasema, "Mimi sijasema anarudi. Nasema hakuna aliyekuja kuniambia harudi." Kisha akaniambia upande wa kushoto nimeuruka.

Aliyekuja kumwambia alikuwa Mzee Filbert mwenyewe, mvua za kwanza zilipokuwa zimenyesha na pipa limeanza kujaa. Haikuwa Jumapili. Tulikuwa tunakula uyoga, na tulipomwona mlangoni siku isiyo yake, amebeba kitu ndani ya gunia kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto, Bibi alirudisha tonge kwenye sahani. Warina asali wa Inyonga walikuwa wameingia sehemu ya msitu isiyoingiwa siku nyingi, wakaona mzinga wa gome umeoza juu ya mti mrefu, na kwenye panda la mti, pembeni ya mzinga, shoka limekwama. Chini ya mti, kwenye nyasi, waliona vitu vingine, wakavifukia pale pale. Mzee Filbert hakuvitaja mbele yetu, na Bibi hakuuliza. Alinyoosha tu mkono, akapewa lile shoka. Mpini ulikuwa umepasuka kwa jua, lakini mchwa hawakuufikia kule juu. Aliushika kwanza kwa mkono wa kulia, ukakaa vibaya, pembe ikamwingia kiganjani. Akauhamishia mkono wa kushoto, ukatulia. Mihayo alikuwa mashoto, na alichonga mipini yake mwenyewe ili ikae kwenye mkono wake tu. Hakulia. Alimwambia shemeji yake, "Waambie waje kesho kutwa. Na wifi aje na wembe." Kisha akatugeukia sisi. "Nyie, malizeni kula, halafu mnichemshie maji."

Haikuwa Jumamosi. Tulitoa kigoda uani, maji ya mvua mapya, mlenda, mise, nta. Skola alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye sufuria, na hakuna aliyemkataza. Nilianza kama nilivyofundishwa, kwenye ncha, kwa vidole, nikapanda polepole. Nilifika katikati na nikashindwa kujizuia. Mimi ni mtu wa kuuliza. Hata pale niliuliza. Nilimwambia, "Bibi, hizi si zinanyolewa kesho kutwa? Sasa tunazioshea nini?"

"Yeye nani alimuosha?" akasema.

Sikuuliza kitu kingine siku ile. Niliosha kichwa kile kama unavyomwosha mtu ambaye hatahisi tena, bila kuvuta hata mahali pamoja, na Skola akashika beseni. Tulizipaka mafuta, tukazichana mpaka zikaanguka mgongoni zote zikiwa zimenyooka, na ndipo kwa mara ya kwanza, maana siku zote nilizishika fungu kwa fungu, nikaona zilivyokuwa ndefu. Kesho kutwa yake wifi akapitisha wembe. Bibi alishika kitambaa cheupe mapajani, kila kishungi kikaangukia humo, na mwisho akaomba aletewe kibuyu. Alikimimina chote juu yake: nyeupe, kisha kijivu, kisha nyeusi. Akaweka shoka katikati, akafunga. Walichimba kaburi dogo makaburini, karibu na watu wa ukoo wa Mihayo, na Mzee Filbert akaweka kifurushi kile ndani kwa mikono yake mwenyewe, akashindwa kusimama, wakamwinua. Mjukuu wake akapewa jina la Mihayo jioni ile ile. Nilimtazama Bibi Kalunde akila pilau, kichwa kitupu kinang'aa kwa mafuta, na niliona kwamba hatazami tena mlango.

Haya yote tuliyarudia mimi na Skola chumbani kwangu, tukimsikia Neema nje akigawa mchele, na kila mmoja alikuwa na kipande ambacho mwenzake alikuwa amekisahau. Yeye alikumbuka rangi ya gunia. Mimi nilikumbuka uyoga uliobaki kwenye sahani. Kuta za nyumba yangu zinafika juu, zina dari hata, lakini Neema alikuwa anasikia, maana alipoingia hakuleta mkasi. Alileta beseni. Baba Neema alioshwa vizuri, na wanaume wa jumuiya, mlango umefungwa, mimi nikiwa upande wa pili nasikia maji tu. Hilo lilikuwa linaniuma na sikuwa nimemwambia mtu. Jioni ile Skola alinikalisha kwenye kigoda, akaniosha hizi nywele ambazo mume wangu alikuwa anazitafutia mapengo, akaanzia kwenye ncha, na mkono wake si wa kupalilia tena, au labda mimi ndiye niliyelainika. Nililia kama nilivyokuwa sijalia tangu mazishi. Asubuhi wifi yangu alipokuja, nilivua kitambaa mwenyewe, nikamwambia apitishe wembe kichwa kizima.

Skola amerudi Mishamo. Nywele zimeanza kurudi, ni kweli, fupi kama punje za mchele na nyeupe kuliko zilivyoondoka, na Jumamosi naegesha kikopo cha mafuta karibu na jiko. Neema ananitazama napaka kichwa kisicho na kitu cha kupaka, na wiki iliyopita, nikaona amerithi ugonjwa wangu wa kuuliza, akaniuliza sasa hizi nazitunzia nini. Nami swali hilo nilishaliuliza. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka ule, nimemaliza ushonaji, nimefunga mzigo wangu, na nikamkuta Bibi Kalunde uani kwenye kigoda, peke yake, anajipaka mise kwenye manyoya mafupi meupe yaliyokuwa yameota, taratibu, kwa uangalifu ule ule. Mabega yalikuwa yanamuuma, ikabidi niweke mzigo chini nimsaidie. Nikamwambia, Bibi, Mihayo ameshazikwa, jina limepata mwenyewe, hakuna anayekudai nywele. Sasa hizi unamtunzia nani? Akainamisha kichwa ili nifike kisogoni.

"Zile zilikuwa za Mihayo," akasema. "Hizi zangu."